Mardhiya na Siku ya Mashine

Mardhiya hakuwa mtu wa kutulia. Hata alipokwenda Bagamoyo kwa hitima ya baba yake, mwaka ule wa 1974, alikuna nazi huku midomo ikimchezacheza, akijisomea kimoyomoyo mwongozo aliouacha kwa mpiga chapa Dar es Salaam.

Wenzake katika ofisi ya hali ya hewa walikuwa wameiongezea programu kuu ya kompyuta amri mpya za saa: ya kuiuliza mashine ni siku gani na saa ngapi, na ya kuiagiza ianze kazi kwa wakati uliopangwa, pasipo mtu kuigusa. Yeye ndiye aliyepewa kuzieleza kwa Kiswahili, ili waendeshaji wa zamu wazifuate. Ilikuwa kazi yake ya kwanza ya kuaminiwa peke yake.

Adhana ya magharibi ilipokwisha, bibi yake, Bi Kibibi, akafunika chungu.

"Haya, Ijumaa imeingia. Kaoge, watu wa hitima waja."

Mkono wa Mardhiya ukasimama juu ya mbuzi ya nazi. Ijumaa imeingia, na jua la Alhamisi ndiyo kwanza limezama. Katika mfano wake wa kuagiza kazi ya Ijumaa, saa mbili usiku, alikuwa ameandika namba ya Alhamisi. Aliandika bila kufikiri, kwa kuwa pwani siku huanza kwa usiku wake, kisha mchana. Lakini mashine hugeuza siku saa sita usiku, na waendeshaji, wengi wao watu wa bara, wangeufuata mfano ule kama ulivyo. Kompyuta ingejumlisha takwimu za mvua siku nzima mapema, kabla hazijaletwa.

"Una nini, mjukuu wangu?"

"Nimekosea siku, bibi."

"Siku yakosewaje? Jua hulioni?"

Hitima ilisomwa, naye hakuisikia. Alfajiri akadandia lori la mkaa liendalo Dar es Salaam, na walipopita Mapinga bado alikuwa akimhimiza dereva.

Kitwana, mpiga chapa, alikuwa akifunga nakala kwa uzi.

"Shikamoo, kaka Kitwana. Usizitoe. Usiku wa Ijumaa nimeuhesabu tangu magharibi, na mashine huhesabu tangu saa sita usiku."

"Marahaba. Na karatasi za kuchapa upya sina. Nyinyi wa Bagamoyo mwalilaza jua mapema, kisha mwatusumbua sisi asubuhi."

Hata hivyo akaufungua uzi. Mardhiya akaketi sakafuni, akafuta namba ya Alhamisi kwa kalamu, akaandika ya Ijumaa, nakala baada ya nakala. Kila mara mkono ulisita.

"Hiyo sasa ndiyo sawa?" aliuliza Kitwana.

"Kwa mashine, ndiyo," alisema, akavuta nyingine.