Kila Kelele, Safari

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: Safari, fundi baiskeli wa mtaani kwetu Mabawa, anavuta bangi. Wala hafichi. Jioni hukaa nyuma ya kibanda chake akijipulizia moshi, na baiskeli aliyokuahidi asubuhi utaipata alasiri. Mvivu? Mno. Msahaulifu? Usiseme. Lakini mpe kuku amchinje, atakuuliza kwanza kuku mwenyewe kakosa nini.

Sasa huyo ndiye jambazi wetu. Bangi huleta fujo, nani asiyejua, kwa hiyo kelele zikisikika hatuulizi zinatoka wapi. Mjumbe wetu, Mzee Noa, anachukua rungu, vijana wanamfuata, moja kwa moja hadi kwa Safari. Wanamkuta kalala. Wanamwamsha, wanamfunga kamba, wanamuuliza kafanya nini. Maskini, hata yeye huwa anataka kujua.

Na kelele zenyewe zinatoka nyumba ya pili, kwa Rafaeli. Mimi nauza vitumbua mkabala na dirisha lao, sihitaji kuhadithiwa. Rafaeli havuti, hanywi, na ndiye mwenyekiti wa kamati ya mtaa ya kupiga vita bangi. Mkewe Anjela akitokeza na jicho limevimba, Rafaeli hutikisa kichwa na kusema wavuta bangi hawa watatumaliza. Na watu wazima na ndevu zao wanaitikia.

Mwezi uliopita kamati ikaitisha mkutano. Rafaeli akamsimamisha Anjela mbele ya watu, mdomo umepasuka, eti ushahidi. Akadai Safari ndiye aliyempiga bombani, apelekwe polisi na asirudi tena Mabawa. Safari alikuwa amekaa chini anatafuna karanga. Roho iliniuma, maana akifukuzwa hana pa kwenda. Kwao Kigombe wazazi wameshafariki na nyumba imeuzwa.

Mzee Noa akamtaka Anjela aseme mwenyewe. Anjela akamtazama mumewe, kisha akatutazama sisi.

"Safari hajanigusa. Anayenipiga ni Rafaeli, na ananipiga akili zake zikiwa timamu."

Toba! Nikasema moyoni, leo ndiyo leo. Mzee Noa akakohoa, akavua kofia, akaivaa tena. Akasema hayo ni mambo ya chumbani, tumwachie mtu na mkewe. Sisi tumeitwa kwa ajili ya bangi. Nikasimama, nikamwamkia shikamoo kwa adabu zote, kisha nikamwuliza kama haoni haya. Wakaniambia nikae. Safari wakampekua, wakamkuta na msokoto mmoja mfukoni. Walivyofurahi, ungedhani wameokota dhahabu.

Walipompitisha mbele yangu kwenda kituoni, akasimama kidogo.

"Mama Badru, leo mkisikia kelele msije kwangu. Sipo."

Jua halijazama, kelele zikaanza. Mzee Noa akatoka na rungu lake, vijana nyuma, mbio kama kawaida yao hadi mlangoni kwa Safari. Kufuli. Wakabaki pale wanatazamana, na Anjela analia nyumba ya pili.

Nikaviacha vitumbua viungue, nikabeba mchi wangu wa kutwangia, nikawapita. Na mimi bangi sijawahi hata kuinusa.