Wingu Mguuni

Juzi asubuhi nilitoka Morogoro bila mpango, nikashuka Dumila kwa sababu ya harufu ya vitunguu tu. Nikapata chumba gesti. Kioo kimoja cha dirisha kilikuwa kimevunjika, wakaziba pengo kwa picha ya eksirei ya mguu wa mtu. Nikakaa kitandani nikiitazama.

Nikakumbuka mchana mmoja wa utotoni, mama aliponibeba mgongoni kutoka mlimani hadi hospitali, jasho lake likinuka moshi. Nilikuwa nimevunjika mguu kwenye matuta ya kabichi, ukafungwa vijiti, na sasa ulikuwa na uvimbe mgumu. Jirani alisema mfupa umeoza, utakatwa.

Daktari aliinua picha kwenye mwanga. Pale nilipovunjika, mfupa ulizungukwa na wingu jeupe. Kwetu ukungu ukikalia kabichi siku nyingi, zinaoza. Nikajua ukungu umeniingia mguuni.

"Shikamoo, daktari," nikasema nikilia. "Usiukate."

"Marahaba. Nani kasema nakata?" Akamwonyesha mama kwa kalamu. "Usaha ungeutafuna mfupa, tungeona matundu. Hili wingu ni mfupa mpya unaojiunga."

"Kwa hiyo haujaoza?"

"Haujaoza, mama. Unapona."

Mama aliketi sakafuni palepale, akajifuta uso kwa khanga, akaanza kucheka. "Na mimi nilishakuwazia cherehani, mwanangu. Kazi ya kukaa!"

Mwenye gesti alibisha hodi. "Utakaa siku ngapi, kaka?"

"Sijui, dada," nikamjibu. "Kukaa sikuwahi kujifunza."