Mtu wa Usalama Nyamuswa

Ulimi wangu ndio ulioniponza. Mimi ni mhadhiri. Nafundisha jinsi droni na teknolojia nyingine zinavyobadilisha usalama wa kimataifa. Juzi nilikwenda Nyamuswa kujitambulisha kwa wazazi wa Bhoke, mchumba wangu. Baba yake akaniuliza kazi yangu. Nikafupisha: "Niko kwenye mambo ya usalama, baba. Nasafiri sana."

Kaka yake Bhoke, aliyekuwa amekaa nasi, akachomoka kupitia mlango wa nyuma. Mzee akainuka, akanipisha kwenye kiti chake, na nikaletewa sato mzima peke yangu. Nikajisemea, kumbe huku wanaheshimu shahada ya uzamivu! Nikakunja nne.

Baada ya kula, mzee akaninong'oneza: "Ofisa, tunajuaga hamruhusiwi kusema. Lakini ng'ombe zetu zimeibiwa. Tutajie tu wezi."

"Baba, mimi ni mwalimu wa chuo. Nasoma tu habari za droni."

"Mwalimu?"

"Ndiyo, baba."

Akageukia mlangoni, akapaza sauti: "Bhoke! Mwambie kaka yako arudi, huyu ni mwalimu tu. Na wewe, mwanangu, hebu nipishe kiti changu."