Nyuki wa Mukandori

Umuhoza anafundisha Kifaransa kwenye sekondari moja ya Kalembe, na kwa miaka mingi amekuwa akiandika kazi yake ya kumaliza chuo. Inahusu maneno yanayoachwa katika sentensi. Hurekodi kwa simu wanawake wa sokoni wakipiga soga, maana hakuna wanaoacha maneno mengi kama wao na bado wakaelewana.

Asubuhi moja, njiani kwenda Buleusa, wanaume wenye bunduki walimteremsha kwenye pikipiki. Mkubwa wao, chef kama wenzake walivyomwita, alichukua simu, akafungua sauti ya kwanza aliyoikuta. Ilikuwa ya Mukandori, muuza maharagwe: "Bangu banalalaka mu pori. Ba Francine pia." Yaani, wangu hulala porini, na wa Francine pia.

"Mwalimu, habari hii unapelekea nani?"

"Iko masomo, chef."

Hapo Umuhoza akakosea: alieleza vizuri. Alisema kuwa mtu akitamka "ba Francine pia", kichwani mwake sentensi iko nzima, hadi kwenye "mu pori"; kinywa tu ndicho kinachonyamaza. Na anaruhusiwa kuacha kile tu ambacho msikilizaji ataweza kukirudisha kutokana na maneno yaliyotangulia.

"Kumbe," akasema chef, makini kuliko mwanafunzi yeyote wa Kalembe. "Basi rudisha. Bangu, njo banani?"

Walikuwa watoto wa kiume wa Mukandori na wa Francine, muuzaji mwenzake, waliojificha wasilazimishwe kubeba bunduki na watu kama hawa hawa. Umuhoza alifikiria kusema mbuzi. Mbuzi wangefuatwa kabla ya saa sita.

"Nyuki."

"Nyuki?"

"Mizinga yabo iko mu pori, chef."

Chef akaitazama simu. Sauti haikuwa imekwisha. Sentensi mbili mbele, Mukandori alimtaja mwanawe Jean-Marie kwa jina. Kidole kikarudi kwenye kioo.

"Ngoja, chef, sijamaliza," akasema Umuhoza, akaanza kufundisha kama alivyofundishwa yeye. Mti wa sentensi. Matawi. Tawi la kitenzi ambalo lipo ila halisikiki. Je, linafutwa mwishoni, au halikuwa na sauti tangu mwanzo? Wataalamu hawajakubaliana, na yeye akaeleza pande zote mbili, bila haraka. Alipookota kijiti ili achore mti wa pili kwenye vumbi, mmoja wa wale wanaume alikuwa ameshakaa chini.

"Na unafundishaka batoto vile?" chef akauliza.

"Bale bakubwa tu."

"Maskini." Akamrudishia simu.

Kona ya kwanza ilipowaficha, Umuhoza aliomba pikipiki isimame, akafuta sauti ile na nyingine zote. Ilikuwa sura ya tatu nzima ya kazi yake. Baadaye akaandika mfano mpya: *Nyuki wangu wanalala porini. Wa Francine pia.*

Profesa wake wa Goma aliandika pembeni kwa wino mwekundu: mfano wa kubuni, watu halisi hawasemi hivi.

Umuhoza hakubishana. Jean-Marie alikuwa bado porini.