Wa Saba wa Mzee Mughwai

Damari wa steshenari hapa Iguguno ni mbishi, na mimi Mosi, dereva wa bodaboda, nimegombana naye mara nyingi tu. Kompyuta yake ina AI mbili. Moja ya kuandikia: barua, risala, kadi za harusi. Nyingine ya kutengenezea programu. Ndiyo aliyoundia mfumo wa mizani pale kwenye mashine ya kukamua alizeti. "Ya maneno ikikosa kitu inatunga," huniambia. "Ya programu ikikosa kitu inagoma. Ujue unampa nani kazi gani."

Siku ya maziko ya mzee Mughwai, mwanawe Gerald aliingia dukani anahema. Jeneza limeshatolewa nje, na wasifu wa marehemu bado. Mimi nilikuwa pale nikitoa kopi ya leseni. Abiria wangu alikuwa nje kwenye pikipiki. Nimemtoa stendi, katokea Kilimatinde, anaitwa Gaspari. Aliniambia anakwenda kumzika baba yake, mzee Mughwai.

Gerald akaeleza mbiombio, Damari akachapa. AI ya maneno ikatoa wasifu mtamu, hata mimi machozi yalinilengalenga. "Mume wa mke mmoja, baba wa watoto sita." Hilo la mke mmoja Gerald hakulisema kabisa.

"Safi, printi!"

Damari hakuprinti. Akaupeleka wasifu, pamoja na maelezo ya Gerald, kwenye AI ya programu. Ikajibu kwa ukavu: maelezo yanasema watoto saba, majina yako sita.

"Kaka Gerald, pole na msiba, lakini saba umesema mwenyewe."

"Ulimi uliteleza. Andika sita."

"Wa saba ni nani?"

"Dada, unanichelewesha nimzike baba! Ile ya kwanza imeandika vizuri, hii ya mahesabu ya nini?" Akapiga meza.

Nikamkumbuka abiria wangu. Huku kwetu watoto huitwa kuweka mashada kwa kufuata wasifu. Asiyeandikwa haitwi.

"Gerald," nikasema, "Gaspari yuko nje hapo, kwenye pikipiki yangu."

Akachungulia dirishani. "Mama hataki kulisikia jina hilo," akasema. "Ni mtoto wa mke wa kwanza."

"Basi huu mtamu siutoi," Damari akasema. "Nenda mjini wakakutolee."

Muda wa kwenda Singida mjini haukuwapo, naye Damari alijua. Wallahi nilimchukia; maiti inasubiri, yeye kashupaza shingo!

Gerald akajifuta uso. "Haya, la mke mmoja lifute, mwandike. Mwandike wa kwanza, ndiye mkubwa wetu."

Kaburini jina liliposomwa, Gaspari hakusogea. Nikamsukuma. "Nenda bwana, unaitwa wewe!" Akaenda mikono mitupu, maana mashada yalinunuliwa sita. Mjane akageuzia uso pembeni. Gerald akampa kaka yake shada lake, akarudi nyuma akasimama hana kitu mkononi.