Safari ya Amosi na Mkwewe Porini

Mdogo wangu Amosi ni fundi baiskeli, na ni mtu mwenye adabu kupita kiasi. Nasema kupita kiasi kwa sababu mimi Vumilia ni dada yake, nimembeba mgongoni, na haki ya kusema ninayo. Adabu ni kama chumvi. Ikizidi, mboga unamwaga.

Kwetu Usukumani mwanamume hamtazami mama mkwe wake usoni. Hampi mkono, hali naye sahani moja, wala jina lake halitamki. Wakikutana njiani, mmoja anasogea pembeni, anageuza uso, mwenzake anapita. Siku hizi watu wa mtaa wa Ngokolo na mijini kote wanakaa sebule moja na wakwe zao wakitazama tamthilia, na mvua inanyesha kama kawaida. Amosi hayumo katika watu hao. Mama mkwe wake, mama mmoja wa Tinde aitwaye Mbuke, ndiye kabisa hayumo. Miaka saba Amosi amemwoa Salome, na kwa miaka yote hiyo alichokijua kwa mkwewe ni miguu, kanga, na sauti inayotoka nyuma ya mlango.

Amosi na Salome wanaishi upande wa Geita, kwenye makazi ya wachimbaji wadogo, ng'ambo ya pori. Amosi anatengeneza baiskeli, Salome anauza chapati. Mimba yao ya kwanza iliishia vibaya. Mtoto alizaliwa amekufa, na mama yake Salome alifika kesho yake, maziko yamekwisha. Kwa hiyo mimba ya pili ilipokaribia kutimia, Salome alisema neno moja tu: safari hii hapandi kitanda cha zahanati bila mkono wa mama yake. Hakulia, hakugombana. Alisema, na Amosi akaapa kwamba atamleta.

Mpango ulikuwa mwepesi. Mbuke angepanda basi kutoka Tinde, angelala kwangu Kharumwa, Amosi angekuja kumpokea, na asubuhi wangechukua pikipiki mbili. Mvua za Machi zikaona mpango wetu zikaucheka. Kalavati la barabarani likabebwa na maji, na vijana wa bodaboda wakakataa katakata. Ikabaki njia ya porini, njia ya miguu na baiskeli. Mimi ndiye niliyepaswa kutembea katikati yao, ili kila mmoja aseme na mimi badala ya kusema na mwenzake. Malaria nayo ikachagua usiku huohuo. Alfajiri nilishindwa hata kusimama, na simu ikalia, Salome akisema uchungu umeanza kidogokidogo.

Amosi alikuja dirishani kwangu akiwa ameelekea ukutani, maana mkwewe, ambaye humwita mayu, yaani mama, alikuwa amekaa nami chumbani.

"Dada," akasema, "mwambie mayu kwamba mimi natangulia na mizigo, yeye aje nyuma. Nikipiga kengele ajue niko karibu, asogee pembeni, tusije tukagongana uso kwa uso."

"Amekusikia. Yupo hapa."

"Mwambie tu, dada."

Nikamwambia. Mbuke akajibu, "Mwambie nimesikia." Homa yangu ikapanda zaidi.

Yaliyotokea baadaye nimesimuliwa na wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, na kila mmoja aliona kwamba yeye ndiye aliyefanya la maana.

Baiskeli ya Amosi si Foniksi ya kubebea mkaa. Ni ya gia, ya mtumba, yenye matairi mapana ya meno, na ameichomelea mwenyewe keria ya chuma inayobeba gunia zima. Palipo tambarare aliipanda, palipo na matope aliisukuma, na palipoangukiwa na gogo aliibeba begani. Mkwewe alifuata kwa miguu, umbali wa kusikia lakini si wa kuona. Kwa muda mambo yalikwenda vizuri, kama unaweza kuita vizuri hali ya watu wawili wanaosafiri pamoja huku kila mmoja akimkimbia mwenzake.

Pori lile ukiliona toka barabarani unadhani ni vichaka. Ukiingia ndani miti inafunga juu, kamba za porini zinaning'inia, upepo unabaki nje. Baada ya mvua jua linapiga kwenye majani na joto linapanda kutoka ardhini, unatembea kama uliyefunikwa sufuria. Mbung'o nao wanauma juu ya nguo. Mbuke aliniambia kanga yake ililowa jasho hadi ikawa nzito, na kila akitaka kupumzika alimkumbuka Salome, akaongeza hatua.

Penye kijito ndipo walipoharibu mpango. Amosi alifika kwanza, akanywa, akafikiri: mayu akifika atataka kunawa miguu na kunywa, na mimi siwezi kusimama hapa namtazama. Akaingiza baiskeli nyuma ya kichaka, akakaa na mgongo wake kwa njia, akasubiri apite. Mbuke akakaribia, akasikia baiskeli imenyamaza, akafikiri: huyu atakuwa anaoga, au amekwenda haja. Akaingia kichaka cha upande wa pili, akakaa na mgongo wake kwa njia, akasubiri aondoke.

Wakakaa hivyo. Watu wazima wawili, kijito katikati, mtoto wa mmoja na mke wa mwingine akiuma meno upande wa pili wa pori.

Amosi ndiye aliyechoka kwanza. Hakusikia hatua, hakusikia maji yakichotwa, akaamua kwamba mkwewe amepita kimyakimya kwa sababu ya adabu zake. Akashika njia kwa kasi amfikie. Mbuke alikuwa amesinzia kwa uchovu, asisikie lolote. Alipozinduka na kuona kimya, aliamua kwamba mkwewe bado yuko nyuma, na kwamba ni yeye anayemchelewesha. Akaondoka mbio.

Amosi alikwenda, akakwenda, asimwone mtu. Kwenye tope hapakuwa na alama ya kandambili. Akasimama, akili ikaanza kuzunguka. Amepita au hajapita? Akageuza baiskeli, na kwa kuwa alitaka mkwewe asikie kwamba yupo na asiogope, akaanza kupiga kengele. Mbuke, aliyekuwa anakuja upande wake, akasikia kengele. Akafanya kama tulivyoagana. Akaingia porini, akageuza uso, akajifunika kanga. Amosi akampita.

Akarudi hadi kijitoni. Hakuna mtu. Akageuza tena, akipiga kengele kwa nguvu zaidi, na Mbuke, aliyekuwa ndiyo kwanza amerudi njiani, akashangaa. Aliniambia, "Mama, nilijiuliza huyu mtoto ana nini. Ananifukuza?" Akaingia porini ndani zaidi, ili ampe nafasi ya kutosha. Safari hii alipotaka kurudi, njia hakuiona. Kila upande ulikuwa na kijia kilichokanyagwa na wachimbaji, na vyote vilifanana. Simu yake ilikuwa kwenye mfuko, na mfuko ulikuwa kwenye keria.

Mchana ulipochachamaa Amosi alikutana na mchimbaji aitwaye Pantaleo, anasukuma baiskeli yenye viroba vya mawe ya dhahabu, anapeleka kusaga. Amosi akamsimamisha.

"Kaka, hujaona mama mmoja njiani?"

"Wamama wako wengi, wanaokota uyoga. Wa kwako anafananaje?"

Amosi akatazama chini.

"Ana miguu," akasema. "Kisigino cha kushoto kimepasuka. Na kandambili za kijani."

"Uso?"

"Sijui."

Pantaleo akaegemeza baiskeli yake mtini. "Umempoteza nani, bwana?"

"Mkwe wangu."

Pantaleo ni Msukuma kama sisi, kwa hiyo alielewa, na kwa kuwa alielewa akacheka mpaka akakaa chini. Amosi hakuona cha kuchekesha. Machozi yalikuwa karibu. Akaeleza yote, kijito, kengele, kwenda na kurudi. Pantaleo akafuta macho.

"Sasa ndugu yangu, mlikubaliana akisikia kengele asogee. Wewe unapiga kengele ili aje, au ili akimbie?"

Amosi aliniambia kwamba hapo alihisi joto lote la pori lile limeingia kichwani mwake. Alitazama kengele. Alikuwa amemfukuza mama wa watu asubuhi nzima. Pantaleo naye akaacha kucheka, akasema neno lililomtia baridi: upande ule umejaa maduara, yale mashimo ya dhahabu yaliyoachwa, na majani yameyafunika. Mtu anayeepuka njia ndiye yanayemmeza.

Amosi akaacha njia, akaingia ndani akiita. "Mayu! Mayu!" Basi, kila mama aliyekuwa akiokota uyoga porini akaitika. Huyu kulia anaitika, yule bondeni anaitika, mwingine anauliza, "Ng'wana wane, mwanangu, kuna nini?" Amosi anakimbilia huku, anamkuta mgeni mwenye kikapu. Anakimbilia kule, mgeni mwingine. Kila mmoja, Amosi anamtazama miguu kwanza, halafu anaomba radhi na kuondoka. Wale akina mama walidhani jua limemwingia.

Akasimama katikati ya miti, jasho linamtoka hadi kwenye viatu. Alijua la kufanya. Hakuweza. Alimfikiria Salome amekaa ukingoni mwa kitanda, amekataa kupanda, anatazama mlango. Nusu shari kuliko shari kamili. Akafumba macho, akaita kwa sauti yake yote:

"Mbuke!"

Halafu sauti ikatoka chini, kama hatua ishirini kutoka alipokuwa, sauti ya mtu aliyeudhika.

"Nani huyo asiye na adabu?"

Alikuwa ndani ya duara la zamani, lililojaa udongo nusu, kina cha kifua. Mungu alimpenda, maana jirani yake kulikuwa na lingine ambalo Amosi alitupia jiwe na hakusikia likifika. Kifundo cha mguu kilikuwa kimevimba. Amosi akapiga magoti ukingoni, akageuza uso upande, akanyoosha mkono nyuma yake akipapasa hewa.

"Huko ni mtini," Mbuke akasema.

Akapapasa upande mwingine.

"Utaanguka humu, halafu mwanangu atakosa wote wawili. Geuka."

Amosi akageuka. Akautazama uso wa mama mkwe wake kwa mara ya kwanza. Ulikuwa uso wa Salome, umezeeka, umepakwa tope, na umekasirika namna ileile Salome anavyokasirika chapati zikiungua. Aliniambia hakuelewa kwa nini jambo lile lilimtoa machozi. Mimi nimelielewa, lakini sikumwambia.

Akamshika mikono yote miwili, akamvuta. Akashusha mizigo, akaining'iniza mtini, akaacha porini mchele na kuku niliowafungia wampelekee Salome, na akampandisha mkwewe kwenye keria. Mwanzoni Mbuke alishika siti kwa vidole viwili. Kwenye mteremko wa kwanza, wenye mizizi iliyotoka nje, akamkumbatia Amosi kiunoni na kuegemeza paji la uso mgongoni mwake. Amosi aliendesha baiskeli ile kama mtu anayefukuzwa, akiruka mizizi, akipita kwenye maji, na kengele hakuigusa.

Walifika zahanati jua likiwa linashuka. Zahanati ina vyumba vitatu na muuguzi mmoja, Klara, mwanamke asiyependa maswali. Sauti ya Salome ilisikika mpaka nje, akimwambia Klara kwamba bado, bado, hajaja. Amosi akamnyanyua mkwewe mikononi, akampeleka hadi mlangoni.

"Mwanamume haingii humu," Klara akasema.

"Basi nibebe wewe," Mbuke akamwambia.

Klara akamtazama Mbuke, ambaye si mwanamke mdogo, akafungua mlango.

Amosi akamkalisha mkwewe kwenye stuli kando ya kitanda, akaanza kurudi kinyumenyume, macho sakafuni. Salome alikuwa ameushika mkono wa mama yake kwa nguvu. Alimwona mumewe, akaiona na kanga ya mama yake iliyoanguka kutoka kichwani, na hata katika maumivu yale aibu ilimshika kwa niaba ya mama.

"Mama," akasema kwa shida, "mkweo yumo humu ndani."

"Najua yumo," Mbuke akasema. "Ndiye aliyenileta." Kisha akamgeukia Amosi, akasema naye mwenyewe, bila mtu katikati. "Baba, njoo ushike mkono huo wa pili."

Amosi akaja, akaushika. Hakujua atazame wapi, kwa hiyo akamtazama mama mkwe wake, naye akawa anamwonyesha kwa kichwa wakati wa kubana na wakati wa kulegeza, mpaka mtoto akalia.