Vikombe Vitatu vya Tanga na Posa ya Mwanaidi

Kilichonitoa Pangani ni redio na mama yangu. Redio ilitangaza jioni moja kwamba Tanga imechukua vikombe vitatu ndani ya juma moja. Timu ya njano imechukua ubingwa wa ligi, timu ya buluu imechukua kombe la mtoano, na mwishoni kabisa, kwa sauti ya mtu anayefunga daftari, msomaji akasema wasichana wetu wa netiboli nao wameshinda mashindano ya mikoa kule Morogoro. Betri tulikuwa tumezianika juani mchana kutwa ili zipate nguvu ya kusema hayo, maana mpya zilikuwa hazijarudi madukani. Mie mzaliwa wa Nguvumali, mtaa wa Tanga, nilipiga kelele mpaka jirani akadhani kuna nyoka.

Mama hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Sasa harusi ipo au haipo?"

Mwaka uliotangulia, wazee wa Omari, fundi baiskeli wa mtaa wa Usagara hukohuko Tanga, walikwenda kumposa Mwanaidi, binti wa mjomba wangu Athumani. Mjomba ni mtu wa njano tangu ujana wake, na nyumba ya kina Omari ni ya buluu mpaka kuku wao. Akawajibu barazani, mbele za watu: "Binti yangu haingii nyumba ya buluu mpaka siku timu yenu irudi na kombe na yetu irudi mikono mitupu." Watu walicheka. Lakini mjomba hana kauli mbili, na posa ikakwama hapo. Sasa buluu wana kombe na njano wana kombe. Mama, ambaye miguu ilikuwa imeanza kumsumbua, akaniambia nikamwulize kaka yake jibu ni lipi.

Nami nilikuwa na swali langu. Kwetu Tanga, timu ikishinda, mashabiki wake huchukua mikeka wakaenda kuhani kwa wale walioshindwa. Hukaa barazani kwao, wakashika tama, wakasema poleni kwa msiba, na mfiwa lazima awape kahawa huku roho inamuuma. Ndio utani wetu, na hakuna anayenuna zaidi ya wiki. Je, wote wakishinda, nani atamhani nani?

Alfajiri ya siku ya pili nilipanda lori la nazi. Tulikwenda vizuri mpaka Kigombe, dizeli ikatuishia, na dereva akaondoka na dumu kwenda kuitafuta. Nikapata kivuli kwa Hamadi, Mpemba aliyekuwa akinunua ng'onda, samaki wa kukaushwa, na kupeleka kwao Wete. Alinipa muhogo na chai isiyo na sukari, akanitaka radhi kwa hiyo sukari kana kwamba ni yeye aliyeificha.

"Weye wenda kuangalia vikombe?" aliuliza.

"Naenda kuangalia nani atamcheka nani."

Hamadi alitafuna akifikiri. "N'kwambie kitu. Watu waliozoea kuchekana, ukiwapa furaha wote, wataitafuta kasoro. Hawatakubali iende bure." Nilicheka, lakini maneno yake niliondoka nayo.

Adhuhuri dizeli ilipatikana, na jua lilipoanza kulegea tukaingia Tanga. Sijapata kuuona mji ule vile. Vitambaa vya njano na buluu vilifungwa kwenye milango, kwenye mikokoteni, hata kwenye pembe za mbuzi mmoja aliyeonekana hajapendezwa. Niliteremka nikiwa na furaha ya kitoto kabisa, nikampa mkono kila niliyekutana naye.

Kwenye njia panda ya barabara za mjini nikalipata jibu la swali langu. Msafara wa njano ulikuwa unatoka upande mmoja na mikeka kichwani, unakwenda kuwahani watu wa buluu kwa kukosa ubingwa wa ligi. Msafara wa buluu ulikuwa unatoka upande wa pili, na mikeka yao, unakwenda kuwahani watu wa njano kwa kutolewa kwenye kombe la mtoano. Walikutana katikati, na hakuna aliyekubali kuwa mfiwa. Kila upande ukatandika palepale barabarani na kuanza kulia kwa ajili ya mwenziwe. Mwisho mzee mmoja akasema twendeni kwa Athumani, tumalize na ile posa.

Nikaufuata umati hadi Nguvumali. Mjomba alikuwa barazani na skafu yake ya njano.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Umekuja kwa vikombe au umetumwa na dada?"

"Vyote."

"Basi kaa usikie." Mikeka ilikuwa imeshatandikwa na mabishano yameanza. Watu wa buluu wanasema kombe limekuja, sharti limetimia. Watu wa njano wanasema mikono ya Athumani si mitupu, sharti halijatimia. Mmoja akapendekeza wangoje msimu ujao. Omari mwenyewe hakuwepo, wala mama yake, jambo lililowaudhi watu wa buluu.

"Na Mwanaidi yuko wapi?" nilimuuliza mjomba kwa sauti ya chini.

"Amesafiri na wenziwe wa kiwandani. Mambo yao ya kurushiana mpira."

"Morogoro?"

Mjomba alinitazama. "Nadhani ndiko."

Nilitaka kusema neno, lakini umati ulikuwa umegeuka. Mwanaidi alikuwa anakuja njiani, vumbi la treni miguuni, kombe amelikumbatia. Nyuma yake Omari alisukuma baiskeli iliyosheheni masufuria, na mama yake Omari akichechemea kando. Walikuwa wametoka stesheni kwa miguu. Mji mzima ulikuwa na mikeka mitaani, na hakuna hata mtu mmoja aliyekwenda kuwapokea.

Mwanaidi aliamkia wazee wote, mmoja mmoja. Kisha akaweka kombe katikati ya mkeka, baina ya njano na buluu, akakaa, akashika tama.

"Poleni kwa msiba, wazee wangu," alisema.

Hakucheka mtu. Niliona haya mpaka shingoni, na sikuwa peke yangu.

Mjomba alilishika lile kombe, akaligeuzageuza. "Ulifunga magoli mangapi?" aliuliza, na sauti yake haikuwa ile ya barazani.

"Mwulize Omari, baba. Yeye alikuwepo."

"Omari alikuwepo kwa idhini ya nani?"

"Kwa idhini yangu," alisema mama yake Omari. "Mie ndiye niliyekuwa nikiwapikia, na huyu ndiye aliyekuwa akinibebea. Mwanao amekula kwangu mechi zote, mgosi. Tangu wanacheza hapa Tanga."

Mjomba aliliweka kombe chini. Kisha akasogea kwenye mkeka, akamwonyesha Omari pa kukaa. "Hebu nihadithie. Anza mwanzo."

Omari akaanza, kwa woga, halafu bila woga. Alisimama kuonyesha Mwanaidi alivyoruka, alivyodakia mpira ukielekea nje, alivyoilenga pete na kivuli cha beki kimemfunika. Mjomba alisikiliza ameinamisha kichwa, kama anavyosikiliza redio mechi ya njano inapokwenda dakika za mwisho. Palipofika goli la ushindi alipiga paja. Baadaye aliivua skafu akajifutia macho, na hatukujifanya hatukuona.

"Waambie wazee wako waje kesho," alimwambia Omari. "Na habari za mpira wa miguu waziache kwao."

Asubuhi iliyofuata nilishuhudia posa ikikubaliwa, nikapanda gari la kurudi Pangani. Kigombe nilimpigia Hamadi kelele kutoka juu ya lori kwamba harusi ipo, naye akainua mikono yote miwili ingawa hakuwa anajua harusi ya nani.

Nilifika nyumbani magharibi. Nilikwenda Tanga kujua nani atamcheka nani, na nikajifunza kwamba mtu anaweza kushangilia mji wake mpaka akapoteza sauti, asijue anayeushindia mji huo analala chumba cha pili. Nilimweleza mama yote kwa haraka: mikeka, kombe, magoli, na mjomba kujifuta machozi. Alifurahi, akamshukuru Mungu. Kisha akanigeukia.

"Kwani Mwanaidi anacheza netiboli?"